Kibao cha Msasa Hupimwa kwa Karatasi ya Pili

Kibao cha msasa kikiwa kipya hakina ubaya. Karatasi imekaza, punje ni kali, fundi anajisifu. Subiri karatasi ichoke. Siku ya kuibandua ndipo utakapojua nani alitengeneza kibao na nani alibandika tu karatasi juu ya kipande cha ubao. Je, imetoka nzima kwa mvuto mmoja, au imeacha nusu ya mgongo wake umeganda? Uso uliobaki ni safi, au una madoa ya gundi, nyuzi za mbao zilizong'oka na vishimo ambavyo jana havikuwapo? Na karatasi ya pili ikiwekwa, inalala kama ilivyolala ya kwanza? Vibao vingi hufeli hapo, vikaishia kwenye lundo la kuni huku ubao wenyewe ukiwa mzima.

Nasema kibao, si kile kigogo cha kushika kiganjani ambacho msasa huzungushiwa na kubanwa kwa vidole. Hicho kina kazi zake. Ninachokizungumzia hapa kina urefu wa sentimita 23 hadi 60, kimenyooka, na karatasi imeshikamana nacho uso mzima. Kuna vyenye mpini juu mithili ya randa, na kuna vipana vinavyolazwa mezani punje zikitazama juu, kazi ndiyo isogezwe. Seremala husawazishia viungo vya fremu, midomo ya droo na kingo za mbao zitakazounganishwa kwa gundi. Fundi wa bodi za magari hutafutia mabonde kwenye mlango uliopakwa bodifila. Mkono mtupu hauwezi kazi hiyo kwa sababu vidole hufuata bonde na kuingia ndani yake, ilhali kibao hupita juu ya bonde na kukiuma kilima peke yake. Hata katika karakana za Keko, Dar es Salaam, ambako mashine za msasa za umeme zinanguruma kutwa, kibao hakijafukuzwa kazi. Mashine ya mkononi ina haraka, lakini ina pedi laini, na pedi laini hula kingo.

Jambo la kwanza la kutazama kwenye kibao cha mwenzio halihusu gundi. Tazama vipimo. Karatasi ya kawaida ya msasa ina milimita 230 kwa 280. Ukiigawa mara nne kwa upande mrefu unapata vipande vinne vya 70 kwa 230, bila kubakiza hata uzi. Ukiigawa mara tatu kwa upande mfupi unapata vitatu vya 76 hivi kwa 280. Kibao chenye upana wa milimita 70 au 76 kimetengenezwa na mtu aliyeanza na karatasi ndipo akakata ubao. Kibao cha upana wa 90 kimetengenezwa na mtu aliyeokota ubao, na kila akibadilisha msasa atatupa ukanda usiofaa kitu. Kwa vibao virefu kuna msasa wa kununua kwa mita, na hapo unakata urefu wowote. Maungio ya karatasi mbili juu ya kibao kimoja siyapendi hata kidogo. Ikibidi, yakatwe mshazari na yaachiane upenyo mwembamba, yasipandane. Pale zinapopandana, unene ni mara mbili, na mstari huo utajichora kwenye kila ubao utakaosuguliwa.

Kisha uso. Weka rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya ubao mtupu, washa tochi ya simu nyuma yake, uangalie mwanga unapopenya. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana, na kwa kona hadi kona, kwa kuwa ubao uliopinda kama pangaboi huonekana umenyooka ukiutazama kwa urefu tu. MDF ya milimita 18 hutoka kiwandani ikiwa bapa kuliko mbao nyingi tunazopata, na kwa bei yake sioni sababu ya kuhangaika, ila ikinywa maji imekwisha. Plaiwudi ya bei nafuu ina mawimbi madogo chini ya uso wake. Mkono hauyaoni, mwanga unayaona. Mbao halisi hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri hewa inavyobadilika, kwa hiyo paini mbichi hapana. Mninga uliokauka sawasawa ni habari nyingine: ni mti uliotulia, hauchezichezi, na kibao chake hurithiwa.

Wanaojua zaidi huenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini kuomba vipande vilivyobaki. Bomba la mraba la alumini limenyooka, jepesi, halinywi maji, na lina uso ambao gundi hushika na kuachia bila ugomvi. Kioo cha milimita 8 au 10 nacho ni bora kwa kibao cha mezani. Kigae cha sakafuni usikiamini mpaka ukipime. Vingi vina mgongo kidogo katikati.

Kama huna rula ya kuaminika, kuna njia ambayo Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza, aliieleza mwaka 1840 kwa ajili ya bamba za chuma, na inafaa kwa mbao vilevile. Tengeneza vitatu, si viwili. Vibao viwili vinaweza kukutana bila mwanga kupenya kumbe kimoja kina kitambi na kingine kina bonde linalokitosha. Cha tatu kitaviumbua. Kikikutana sawasawa na vyote viwili, na hivyo viwili vikakutana, basi hakuna chenye kitambi wala bonde. Hakuna namna nyingine ya hesabu hiyo kukubali.

Uso ulionyooka bado haujawa tayari. MDF na plaiwudi zikiachwa uchi hunyonya gundi kama sifongo, gundi ikazama ndani ya nyuzi, na siku ya kubandua karatasi hutoka na ngozi ya ubao. Dawa yake ni vanishi, mikono miwili au mitatu, ikisuguliwa kidogo baina ya mkono na mkono na kuachwa ikauke kabisa. Kukauka kabisa si kukauka kwa kugusa; vanishi iliyo laini bado itashikana na gundi na kuondoka nayo. Wengine hubandika kipande cha fomaika, nami nawaunga mkono: ni ngumu, inateleza, na inasafishika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukishika kibao kisicho na kitu juu ya mbao zake, hata kama mwenyewe anakisifia gundi, jua kina karatasi moja tu ya maisha.

Sasa tuje kwenye gundi, ambako ubishi wa mafundi hauishi. Ubishi mwingi unatokana na kutojua gundi hii inavutwa upande gani. Unaposugua, karatasi inaburutwa sambamba na uso wa kibao, mbele na nyuma. Nguvu hiyo hugawanyika juu ya eneo zima, na hata gundi dhaifu huihimili, kwa sababu kila sentimita ya uso inasaidia. Unapobandua, unainua ukingo mmoja, na nguvu yote inaangukia mstari mwembamba pale karatasi inapoachana na ubao. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kibao kinadai kitu kinachoiweza ya kwanza na kushindwa na ya pili. Kwa hiyo fundi anayejigamba kwamba gundi yake haing'oki anajigamba kwa kasoro. Tunatafuta inayoshika kazi ikiendelea na kuachia kazi ikiisha.

Gundi nyeupe ya mbao ni ya kwanza kukimbiliwa kwa kuwa ipo mezani. Ina makosa mawili. La kwanza, ni ya kudumu. La pili halionekani haraka: ina maji. Mgongo wa karatasi ukinywa maji hutanuka, na ukibandikwa ukiwa umetanuka kisha ukakauka, husinyaa na kuuvuta ubao. Ubao mwembamba, tuseme wa milimita 9, uliobandikwa karatasi upande mmoja kwa gundi ya maji, utaukuta asubuhi umeinama. Ndiyo maana ukiona kibao chembamba chenye msasa pande zote mbili, usidhani ni ubahili wa kutaka namba mbili kwenye ubao mmoja. Pengine mwenyewe anajua kwamba upande wa pili unauvuta wa kwanza na ubao unabaki katikati. Anayeshikilia gundi ya mbao basi aipake nyembamba sana, aweke karatasi, aweke plastiki juu na ubao mwingine bapa, abane kwa klampu hadi kesho yake. Wakati wa kubandua, pasi ya nguo ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu huilainisha. Inawezekana. Ni kazi ya kuchosha.

Gundi ya kopo ya mafundi viatu, ile ya rangi ya asali, inapakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isigande kidoleni. Ikigusana imegusana. Hakuna kusogeza, hakuna kurekebisha, na karatasi iliyowekwa kombo itabaki kombo mpaka ife. Ubaya wake mkubwa ni uvimbe: ikipakwa kwa brashi huacha matuta na nyuzi, na kila tuta litapanda juu ya karatasi. Ninapoona kibao kilichopakwa gundi hii natafuta kwanza matuta hayo kwa kukipitisha mbele ya dirisha, mwanga ukija kwa ubavu. Aliyeisambaza kwa kadi ngumu ya plastiki, nyembamba na sawa, hana matuta. Wengi hawafanyi hivyo. Halafu mvuke wake si wa kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa. Fungua milango, au nenda nje.

Ya kupulizia, ile ya kopo lenye presha, ni nzuri kuliko sifa zake, mradi uipulizie upande mmoja tu. Ikipulizwa mgongoni mwa karatasi peke yake, ikaachwa kidogo kisha ikabandikwa, inashika vya kutosha na inabanduka. Ikipulizwa pande zote mbili inakuwa ya kudumu, na umerudi kwenye gundi ya viatu kwa bei ya juu zaidi. Mpulizo uwe mwepesi, kutoka umbali wa urefu wa rula, kwenda na kurudi. Ukiona matone, umekaribia mno.

Wapo wasiotaka gundi yoyote, nao nawaheshimu. Hukata mfuo wa msumeno mgongoni mwa kibao kila upande, wakapenyeza ncha za karatasi humo na kuzibana kwa kabari ya mti mgumu. Karatasi hubadilishwa kwa dakika moja, hakuna uchafu, hakuna mvuke. Lakini karatasi iliyoshikwa kwenye ncha mbili tu iko huru katikati. Ukisukuma, inajikusanya mbele na kutengeneza wimbi dogo, na wimbi hilo ndilo linalokula ukingo wa ubao unapoufikia. Kwa kibao kifupi chenye karatasi nene iliyovutwa ikakaza, kabari inatosha. Kwa kirefu haitoshi. Pini za stepla ni kabari ya mtu mwenye haraka. Zina tatizo lilelile na zinaongeza moja, kwamba siku moja pini italegea na kuchora mstari mrefu kwenye meza ya mteja.

Velkro niipite upesi: ni laini, ina unene, inabonyea. Iache kwenye mashine.

Mimi ni mtu wa tepu ya pande mbili. Si ile ya sponji ya kubandikia vioo ukutani, ambayo ina unene wa milimita moja hivi na inabonyea kama godoro. Ukisugulia kibao chenye sponji kingo zako zote zitakuwa za mviringo na hutajua kwa nini. Ni ile nyembamba, ya plastiki au ya kitambaa, ya kubandikia mazulia. Inashika kwa kugandamizwa tu, haina maji, haisubiriwi ikauke, unene wake ni uleule tangu mwanzo wa roli hadi mwisho, na ikipashwa moto kidogo huachia. Kama unatilia shaka undugu wa tepu na msasa, kumbuka kwamba Richard Drew, aliyebuni tepu ya kuzuia rangi mwaka 1925, alikuwa kijana wa maabara wa kampuni ya msasa, 3M, na alipata wazo hilo alipopeleka sampuli za msasa kwa wapaka rangi za magari huko Saint Paul, Marekani, akawakuta wakilaani karatasi na gundi zilizokuwa zinang'oa rangi yao mpya. Shida yao ilikuwa hii hii yetu: kitu kinachoshika na kisichoharibu kikiondolewa.

Namna ya kuibandika ndiyo inayotenganisha watu. Futa uso wa kibao kwa kitambaa chenye spiriti, uache ukauke. Futa na mgongo wa karatasi kwa brashi kavu. Usidharau hatua hii. Punje ya msasa namba 80 ina ukubwa wa takriban milimita 0.2, ya namba 240 ni kama 0.06, ya 400 haifiki 0.04. Chembe moja ya vumbi la mbao yenye milimita 0.2 ikibaki chini ya karatasi ya namba 80, haijulikani kama ipo. Ikibaki chini ya 400 ni mlima ulio mara tano ya punje zenyewe. Karatasi itapanda juu yake, itachora mkwaruzo pale pale kila mpigo, kisha itachakaa hapo na kutoboka. Kwa hiyo kadiri namba inavyopanda ndivyo usafi unavyopanda, na fundi anayebandika namba 400 kwenye meza yenye maranda anajidanganya.

Laza tepu kwa urefu wa kibao, mikanda ikikaribiana bila kupandana. Ufa wa nusu milimita kati ya mkanda na mkanda hauna madhara. Mpandano una madhara. Mkanda wa nje ufike hadi ukingoni kabisa, kwa sababu ukingo ndio unaovutwa kwanza. Kandamiza kabla ya kuondoa karatasi ya juu ya tepu: kifimbo cha chapati kinafaa, au mgongo wa kijiko cha mbao. Sasa kata msasa mkubwa kidogo kuliko kibao, uukunje kidogo kwa mkono ili mgongo wake uwe na mbinuko kuelekea chini, uguse katikati kwanza, halafu uushushe kuelekea ncha moja, kisha nyingine. Ukianza na ncha zote mbili umefungia hewa katikati. Pindua kibao, msasa uwe chini juu ya meza safi, ukipande kwa uzito wako wote kwa muda mfupi. Mwisho, kibao kikiwa kimelala vivyo hivyo, pitisha wembe kando ya kingo zake ukikata kutoka upande wa mgongo wa karatasi. Anayekata kutoka upande wa punje anaua wembe na kuacha ukingo wenye nyuzi.

Kuna alama ndogo ambayo huniambia mengi kuhusu mtengenezaji: ncha za kibao. Zikiwa na kona kali ya digrii 90, karatasi itaanzia kubanduka hapo, na kona yenyewe itaacha alama za kucha kwenye kazi kila kibao kinapoinama kidogo. Fundi mzoefu huzipiga randa mbili tatu kabla ya kubandika, kona zikaanguka kidogo, na karatasi ikaishia kabla ya mteremko huo. Huyo sihitaji kumuuliza zaidi.

Karatasi nayo ina tabia yake. Migongo ya karatasi hupewa herufi kwa uzito, A ikiwa nyepesi, kisha C, D, hadi E na F ambazo ni nene. Nyepesi hufuata uso wa kibao kwa uaminifu lakini hupasuka inapobanduliwa. Kwa kibao chenye tepu napenda D au E, inayotoka kipande kimoja. Ya kitambaa ni bora zaidi kwa kubandua, ila ile laini ya kusugulia miguu ya viti iliyochongwa hutanuka ikivutwa, basi usiivute unapoilaza. Kuna pia aina ambazo punje zimeachiana nafasi. Chukua hizo kwa mbao zenye utomvu au mafuta, kama paini ya Sao Hill au mtiki, kwa sababu karatasi iliyojaa punje huziba kwenye mbao hizo kabla hata hujapata jasho. Karatasi iliyoziba inasuguana kwa joto, joto linalainisha gundi, na karatasi inaanza kutambaa. Mtu atailaumu gundi. Mkosaji alikuwa ni utomvu.

Kibao kikishafungwa karatasi, kipime kwa njia tatu, kwa mpangilio wowote. Kigonge kwa ukucha, hatua kwa hatua kutoka ncha hadi ncha. Pale paliposhikamana pana sauti kavu, fupi. Palipo na kiputo pana sauti ya utupu, na ukibonyeza kwa kidole gumba utahisi karatasi inaingia ndani na kurudi. Kiputo kimoja cha ukubwa wa kucha katikati ya kibao hakina msamaha. Kisha jaribu kuinua kila ukingo kwa ukucha, ukiwa mpole. Ukingo mzuri hauoneshi mahali pa kuanzia. Halafu chukua ubao unaojua umenyooka, au kioo kilichopigwa vanishi uliyo tayari kuitupa, uchore mistari ya penseli ya kupishana uso mzima, upige mipigo mitano au sita ya kibao bila kukandamiza. Penseli inayoondoka sawia kote ni cheti cha kibao. Inayobaki katikati na kuondoka pembeni inakwambia kibao kina bonde. Inayoondoka kwenye mstari mmoja mwembamba inakwambia kuna tepu iliyopandana au tuta la gundi. Kipimo hiki hakibembelezi mtu. Nimeona fundi wa heshima zake akiambiwa na kijana wake, kwa adabu zote, "Shikamoo fundi, hebu tazama hapa penseli imebaki," na mzee hakuwa na la kujibu ila kuchukua wembe.

Kubandua pia kuna ustadi wake. Usivute karatasi kwenda juu. Inua kona kwa ncha ya kisu, ikunje irudi nyuma juu ya mgongo wake yenyewe hadi ilale karibu sambamba na kibao, uivute hivyo, polepole, kwa mwendo mmoja. Ukiivuta kwenda juu unanyanyua tepu, na pengine vanishi. Ukiikunja nyuma unapeleka nguvu kwenye ule mstari mwembamba tulioutaja. Ikikaidi, kikaushio cha nywele kwa dakika moja, au kibao kikalazwa juani saa sita mchana. Kinachobaki hufutwa kwa mafuta ya taa, kisha spiriti ili mafuta yenyewe yasibaki. Mafuta yakibaki, tepu inayofuata haitashika, na utaanza kusema tepu za siku hizi ni feki.

Pwani kuna adui mwingine, hewa yenyewe. Wakati wa masika karatasi ya msasa iliyoachwa wazi hujikunja mpaka ikawa bomba, kwa sababu mgongo wake unanywa unyevu na upande wa punje haunywi. Karatasi iliyojikunja ikibandikwa kwa nguvu itaishi ikitafuta kurudi kwenye umbo lake, na kingo zitaachia moja baada ya nyingine. Ihifadhi imelala bapa, chini ya ubao mzito, ndani ya mfuko wa plastiki. Ukikuta karakana ya Tanga au Mombasa ambayo msasa wake unasimama kwenye kona ya ukuta, vibao vyake huna haja ya kuvikagua.

Kwa kazi moja, hata hivyo, mabishano haya yote ya gundi hayana nafasi: kunoa patasi na kusawazisha tako la randa ya chuma. Hapo hutumika msasa wa maji, ule mweusi ambao mgongo wake haulowi ukaoza, ambao 3M waliuuza tangu miaka ya mwanzo ya 1920. Mwagia kioo kinene maji kidogo, laza karatasi, itelezeshe mpaka hewa yote itoke, ufute ya ziada kwa ubavu wa kiganja. Filamu ya maji iliyobaki inaishika karatasi kuliko unavyotarajia, haina unene wa kuhesabika, na ukimaliza unainua kona na inatoka. Patasi ivutwe kurudi kwako tu, makali yakiwa nyuma; ukiisukuma mbele itajichimbia ndani ya karatasi na kuikata. Anza na namba 240 kama makali yameliwa, nenda 400, kisha 800 na 1200, ukibadilisha maji kila unapobadilisha karatasi, maana punje moja ya 240 iliyosafiri hadi kwenye 1200 itakurudisha mwanzo.